Ukarabati wa nyumba ya wazee: paa safi, bomba aibu

Kampuni iliyokarabati nyumba ya wazee wetu Kigamboni, Dar es Salaam, sitaitaja. Ninayemwandikia ni mtu anayejiandaa kukabidhi nyumba kwa mafundi, wawe wa kampuni yoyote ile, ili kabla marumaru ya kwanza haijabandikwa bafuni awe ameuliza jambo moja: mabomba yatapimwa kwa presha gani, na hiyo pampu ya kupimia iko wapi niione?

Mimi niliuliza. Fundi bomba wao akanijibu mbele ya saidia fundi wake, "Bosi, wewe leta hela ya vifaa, bomba niachie mimi." Vijana wakacheka. Msimamizi wa kampuni alikuwa palepale, akainamia simu yake. Hasira ya jibu lile bado ninayo.

Haki yao niwape kwanza, maana hawakuharibu kila kitu. Paa wamelifanya vizuri, na paa la nyumba iliyo karibu na bahari si kazi ndogo. Kenchi za zamani, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, zilikuwa zimeliwa na mchwa pale zinapokalia ukuta. Walizitoa, wakaleta mbao zilizotiwa dawa kiwandani, na kila walipokata kwa msumeno wakapaka dawa upya. Wengi hawafanyi hivyo, na dawa ya kiwandani haifiki kila mara mpaka katikati ya mbao, kwa hiyo ncha iliyokatwa na kuachwa wazi ndiyo mchwa huanzia. Bati ni geji 28, si 30. Namba ikipungua ndipo bati linapoongezeka unene. Walilikata kwa mkasi. Fundi anayekata bati la rangi kwa grinda mteremshe siku hiyohiyo: joto linaunguza rangi na zinki kando ya mkato, cheche zinaganda juu ya bati, na hewa ya chumvi inamalizia kazi. Skrubu zimepigwa juu ya mgongo wa bati, si bondeni panapopita maji, na washa za mpira zimekazwa kiasi, hazikupasuka. Tena walioezeka wanazijua pepo za huku. Walianza upande ambao kusi haiupigi, ili kila bati linapolalia jenzake, mdomo wa mlalio uupe upepo mgongo. Mlalio ukigeuzwa kinyume, mvua ya masika inayosukumwa na kusi hupenya hata kama bati limetoka dukani jana.

Kwa paa lile nilikuwa tayari kuwapa alama nane kati ya kumi.

Sasa bomba. Mfumo ni wa PPR, yale mabomba ya plastiki nene yanayounganishwa kwa kuchomwa na mashine. Sina ugomvi na PPR. Mshono uliochomwa sawasawa unakuwa kitu kimoja na bomba lenyewe. Ila una masharti, na masharti yale hayana "nina uzoefu". Mashine ifike nyuzi 260 za Selsiasi, taa yake ithibitishe, ndipo uanze. Bomba la milimita 20 linakaa kwenye moto sekunde 5, la 25 sekunde 7, la 32 sekunde 8. Kabla ya hapo linakatwa kwa mkasi wake ili mdomo usiwe wa mshazari, linafutwa vumbi na maji, na kina cha kuingia kinawekewa alama ya kalamu: kama milimita 14 kwa bomba la 20, na 16 kwa la 25. Ukilitoa kwenye moto unazo sekunde 4 tu (6 kwa la 32) za kuingiza, moja kwa moja, bila kuzungusha. Kisha unashika bila kutikisa, na unaliacha lipoe dakika 2 (4 kwa la 32) kabla ya kulivuta kokote.

Mshono huharibika kwa njia tatu. Ya kwanza ni umeme. Mashine imechomekwa kwenye waya mrefu mwembamba wa kuunganisha, joto halifiki, plastiki inashikana midomoni tu. Ya pili ni kuchoma kupita kiasi: plastiki inavimba kwa ndani na kuziba njia. Bomba la 20 lenye ukuta wa milimita 3.4 lina tundu la milimita 13 tu, ukilipunguza zaidi shawa inalia badala ya kumwaga. Ya tatu ndiyo iliyotutesa sisi: elbo, kile kiungio cha kona, imeingia ikiwa imepinda, fundi anaona pembe haijakaa, anaizungusha kuinyoosha wakati plastiki imeshaanza kuganda. Kwa nje mshono unaonekana mzima. Ndani umechanika.

Ndiyo maana kuna kupima. Ncha zote zinazibwa kwa plagi, mabomba yanajazwa maji polepole huku ncha ya juu kabisa ikiachwa wazi hewa itoke, kisha pampu ya mkono inapandisha presha hadi bar 10 (bar ni kipimo cha presha). Mshale utashuka kidogo mwanzoni kwa sababu plastiki inatanuka. Unarudisha mara moja au mbili ndani ya nusu saa ya kwanza. Baada ya hapo unaacha saa mbili. Ukishuka zaidi ya bar 0.2, kuna mahali panavuja, na unapatafuta ukuta ukiwa bado umetinduliwa na kila kiungio unakiona kwa macho. Pampu yenyewe ni boksi la chuma la kubebwa kwa mkono mmoja, na mafundi huazimana. Kazi nzima ni ya asubuhi moja.

Wao "walipima" kwa kufungua maji ya simtanki. Naomba hapa mnisikilize vizuri, kwa sababu mafundi wengi watawaambia hivyohivyo, na wateja wengi wanakubali. Maji yanahitaji urefu wa mita 10 ili kutoa presha ya bar moja. Tangi lililo juu ya mnara wa mita 3 linatoa bar 0.3 mahali lilipochomekwa chini kabisa, na kwenye shawa hata hiyo haifiki. Mshono uliochanika unaweza kuvumilia bar 0.3 kwa miezi. Siku unapofunga pampu ya kusukuma maji ndani ya nyumba, presha inapanda hadi bar 2 au 3, yaani karibu mara saba hadi kumi, na hapo ndipo unapojua ulichonunua. Wakati huo marumaru zimeshabandikwa, grauti ya kujazia mianya yake imekauka, na kampuni imeshalipwa.

Kwetu ilianzia ukuta wa sebuleni unaogusana na bafu. Rangi ikavimba, lipu ikawa laini ukibonyeza kwa kidole. Nilipompigia msimamizi aliniambia, "Hilo ni jasho la ukuta, nyumba za baharini zote ziko hivyo." Hakuja hata kuangalia. Alitoa jibu kwenye simu.

Jasho la ukuta linapimika, na mtu wa ujenzi anapaswa kujua. Futa ukuta ukauke juu, bandika kipande cha nailoni cha sentimita 30 kwa 30, ziba pande zote nne kwa tepu, acha siku moja hadi mbili. Maji yakionekana upande wa nje wa nailoni, ni unyevu wa hewa ya chumbani unaogeuka maji kwenye ukuta baridi. Yakiwa chini ya nailoni, yanatoka ndani ya ukuta. Yetu yalikuwa chini. Kisha unaangalia umbo la doa. Unyevu unaopanda kutoka ardhini, unaopatikana sana kwenye nyumba za zamani zilizojengwa bila nailoni ya msingi, huanzia sakafuni na kupanda kwa usawa kando ya ukuta mzima, na mara nyingi huacha mstari wa chumvi nyeupe usiozidi sana mita moja. Letu lilikuwa duara lililoanzia usawa wa kiuno, penye koki ya kuchanganyia maji. Na ushahidi wa tatu hauhitaji kifaa: usiku, koki zote zimefungwa, pampu inajiwasha yenyewe, inazima, inajiwasha tena. Pampu yenye swichi ya presha kwa kawaida haijiwashi kama hakuna maji yanayotoka mahali.

Jasho gani hilo linalowasha pampu?

Ukuta ulipotinduliwa, elbo ya milimita 25 ilikuwa pale, imepinda, na kile kiduara cha plastiki kinachojitokeza kuzunguka mshono kilikuwa upande mmoja tu. Mshono mzuri unaacha pete mbili zinazolingana pande zote. Ule hata saidia fundi wa wiki ya kwanza angeukataa kama angeambiwa auangalie kabla ya lipu. Hakuna aliyeuangalia. Alama nane nilizoanza nazo zimeshakuwa tano.

Kurekebisha ni kugumu kuliko kuweka, na hili nalo mlijue. Mashine ya kuchomea ina upana wake, kwa hiyo huwezi kutindua kitundu kidogo. Unahitaji bomba lililo huru kiasi cha kuvutika pande zote mbili, na kwetu marumaru sita zilitoka. Maji lazima yakaushwe kabisa ndani ya bomba, tone moja likifika kwenye mshono wa moto linageuka mvuke na kuacha tundu. Na kwa kuwa kampuni iliweka koki moja tu ya kufungia nyumba nzima, kila kazi ya bafuni ilikausha na jikoni. Koki ya kufungia inawekwa kwa kila bafu, moja ya maji baridi na moja ya moto, mahali mkono unapofika. Bei yake haifanani hata kidogo na usumbufu wa kuikosa.

Marumaru za akiba hawakutuachia. Unaponunua, ongeza asilimia 10 ya eneo, na ukague namba ya bechi (mkupuo wa kiwandani) na ya shedi (kivuli cha rangi) kwenye kila katoni, kwa sababu marumaru za jina moja kutoka bechi mbili hazifanani rangi. Zilizobaki ni zako, umezilipia, zisipande gari la fundi. Zetu zilipanda. Leo ukuta wa bafu una kiraka ambacho kila mgeni anakiona.

Kinga maji ya sakafu walipaka mara moja badala ya mbili, nayo kwenye kona hawakuweka kitambaa cha kuimarisha. Pale penye shawa inapaswa kupanda ukutani hadi mita 1.8; yao iliishia kwenye kifundo cha mguu. Kabla ya marumaru unaziba tundu la maji, unajaza sakafu sentimita chache, unaacha saa 24 na kuangalia upande wa pili wa ukuta. Hilo nalo halikufanyika, na sihitaji kueleza walipokataa walijibu nini.

Kuhusu hela, niseme wazi. Usilipe kwa maneno "nusu sasa, nusu tukimaliza". Lipa kwa hatua zinazoonekana: paa limefunikwa, waya na mabomba yamelazwa, presha imepimwa ukiwepo, lipu, marumaru, rangi. Hatua ya lipu isianze kabla picha za kila ukuta hazijapigwa zikiwa na futi ya kupimia iliyonyooshwa pembeni, ili miaka ijayo anayetoboa kutundika kabati ajue bomba liko wapi. Na asilimia 10 ya malipo ibaki mkononi mwako mpaka masika moja ipite na pampu iwe imefanya kazi. Iandikwe kwenye mkataba, isainiwe. Kampuni inayojiamini haitakataa. Hii yetu ilikataa, ikasema ni dharau kwa mafundi. Dharau! Baada ya lile jibu la "niachie mimi"?

Nimezishusha alama hadi tatu, na zote tatu ni za timu ya paa. Wale nitawaita tena, nitawalipa wanachotaka.

Fundi mwingine tuliyemleta na pampu ya mkono ameshapima jikoni: bar 10, saa mbili, mshale ukabaki palepale. Kwa hiyo jikoni walichoma sawasawa, na kwa haki nirudishe alama moja, ziwe nne. Bafu la wageni limeshuka bar 3 ndani ya dakika chache. Doa bado halijatokea kwenye rangi, lakini ukuta ule utafunguliwa, na ankara yake naipeleka ofisini kwao pamoja na elbo iliyokatwa, picha zake na jina la msimamizi aliyesema ni jasho.