Foldscope: hadubini ya karatasi kwa wanafunzi wa baiolojia Mtwara

Mwanafunzi anayefanya utafiti wa mwaka wa mwisho Mtwara hakosi sampuli: mikorosho imejaa kila upande na mikoko ipo Mikindani. Ila hadubini iko maabara na jani liko shambani, na jani lililofungiwa kwenye mfuko wa plastiki juani hunyauka na kutoa jasho kabla ya kufika mezani. Hapo ndipo Foldscope inapostahili pesa yake. Ni hadubini ya karatasi ngumu inayokunjwa kwa mkono, iliyobuniwa na Manu Prakash na Jim Cybulski wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Lenzi yake ni kigololi kidogo kinachokuza mara 140 na kutenganisha vitu vyenye ukubwa wa takribani mikromita 2 (mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita).

Kazi inayoifaa kuliko zote ni ubwiriunga wa mikorosho, ugonjwa wa kuvu Oidium anacardii. Kati ya Juni na Septemba, chagua jani changa au shada la maua lenye unga mweupe. Bandika kipande cha seloteipu angavu juu ya unga, kibandue polepole, kisha ukibandike kwenye slaidi, yaani kipande cha kuwekea sampuli. Maji hayahitajiki. Mbegu za kuvu huonekana angavu, zenye umbo linalofanana. Kama shamba limepulizwa salfa, dawa ya ugonjwa huu, utaona pia chembe nyeusi zisizo na umbo moja. Wengi huzihesabu kama mbegu na kuharibu takwimu zote. Chukua sampuli kabla ya kupuliza, na uandike tarehe ya upuliziaji kwenye daftari.

Kwa mchu, aina ya mkoko iitwayo Avicennia marina, seloteipu kavu huonyesha chembe za chumvi iliyotolewa na jani. Ukiweka tone la maji, chumvi inayeyuka na huna cha kuonyesha. Stomata, yaani vitundu vya jani vya kupitishia hewa, ni kazi nyingine. Kwenye jani la mkorosho, paka rangi ya kucha angavu upande wa chini, subiri ikauke kabisa, ibandue kwa seloteipu. Njia hiyohiyo haifai upande wa chini wa mchu, kwa sababu vinyweleo vyake vingi huzuia rangi kugusa ngozi ya jani.

Lalamiko la kawaida ni kwamba picha haishiki. Mara nyingi slaidi imegeuzwa. Lenzi hii hulenga umbali mfupi mno, kwa hiyo sampuli lazima iangalie lenzi; kioo cha slaidi chenye unene wa milimita 1 kikikaa katikati, hutapata picha hata ukisogeza mpaka kesho. Sababu nyingine ni maji mengi yanayofanya sampuli ielee.

Elekeza kifaa kwenye anga jeupe, kamwe si kwenye jua lenyewe: jicho linaungua. Pia sumaku za kushikia simu hunasa chembe za mchanga wenye madini ya chuma, na mchanga huo hukwaruza lenzi. Ufukweni, kifaa kikae kwenye mfuko wenye zipu.

Vipimo vinahitaji nidhamu. Azima maabara slaidi ya mikromita, yaani yenye mistari midogo ya kipimo kinachojulikana, ipige picha kwa simu ileile na kwa ukuzaji uleule wa kamera, kisha uweke skeli kwenye ImageJ, programu ya bure ya kupimia vitu kwenye picha. Ukibadilisha ukuzaji katikati ya kazi, vipimo vyote vya kabla na baada havilinganishiki.

Usiinunue kwa ajili ya bakteria wala vimelea vya malaria. Hivyo vinataka hadubini yenye lenzi ya mafuta, yaani inayogusa tone la mafuta juu ya sampuli, na ukuzaji wa mara 1000. Kwa mafunzo ya vitendo, kifaa kimoja kwa wanafunzi wawili kinatosha: mmoja anashika, mwingine anachora na kuandika.