Uzoefu wangu wa kucheza mganga kwenye gemu la mtandaoni: nyota moja (au tatu, sijui)

Wakuu naandika hii bado nina hasira, mnivumilie. Gemu lenyewe silitaji, ni haya ya majoka na mapanga ya kulipia kila mwezi, lina seva maalumu ya kuigiza uhusika, yaani ukiingia huko unaongea kama mhusika wako, unatembea kama yeye, hata mlango ukiufungua unaandika kwamba umeufungua. Mimi nacheza mganga. Wenyewe wanatuita mahila, ndo wanavyolitamka neno lao la Kiingereza, healer, na hila kwa Kiswahili mnajua ni nini, basi juzi kati nimefanyiwa kweli.

Kazi yetu watu wanaidharau. Wanajua ni kubonyeza kitufe, mwanga unashuka, mstari wa uhai unajaa, kwisha. Kwenye mapigano sawa, hapo hakuna mashairi, tanki, yule wa mbele anayepokea mapigo, anatafunwa na joka na mana, yaani nguvu zako za uganga, inakata, utaandika saa ngapi? Wale wa EverQuest, gemu la mtandaoni la 1999, speli yao kubwa ya kuponya ilikuwa inachukua sekunde 10 kuisoma, wakawa wanapanga zamu wanahesabiana sekunde, huyu akimaliza yule anadaka, ukisinzia kidogo tanki kashakufa. Ule ulikuwa uganga wa jasho. Na ile methali ya mganga hajigangi huko haipo kabisa, unajiganga wewe kwanza maana ukifa wewe wote mmekwisha.

Ila kwenye kuigiza mambo ni mengine. Ukiponya kila kitu kwa mwanga mmoja nani atauogopa upanga? Mnakumbuka yule dada Aerith alivyokufa kwenye gemu la Final Fantasy VII la 1997, watu mpaka leo wanauliza mbona dawa za Phoenix Down zimejaa kwenye begi na vitani zinainua watu kila dakika. Ndo maana wengi tunajiwekea masharti. Mganga wangu akiunga mfupa anausikia mkononi mwake mwenyewe, na sumu haiondoki kwa nuru, inatolewa kwanza kwa mkono. Na kubwa kuliko yote, huandiki "amepona". Unaandika "anajaribu kuufunga mdomo wa jeraha" halafu mwenye mwili wake ndo anaamua kama umefunga au bado. Ukimwamulia wewe, unajifanya Mungu, na hakuna kosa linalochukiwa huko kama hilo.

Sasa akaja askari mmoja, mshale wa sumu ubavuni. Nikamlaza. Akaanza kuweweseka, anamtaja kaka yake aliyemwacha porini, jamani kitu kilikuwa kitamu, mimi naandika aya yangu ya tatu, nimefika pale kisu kinapita kwenye moto, mara anaingia jamaa na farasi wake anayewaka moto, farasi! ndani ya chumba cha wagonjwa, hajasalimia mtu, anaandika: "Ananyoosha mkono. Wote humu ndani wamepona."

Wote. Kulikuwa na mjamzito kwenye kona, sijui huyo kamponya nini.

Nikamfuata pembeni kwa adabu kabisa, ndugu samahani, tupo katikati ya tukio, ungeuliza kwanza. Anajibu, "mkuu hili gemu tu, mlikuwa mnachelewa." Halafu akaniuliza leveli yangu ni ngapi. Leveli! Ni sawa na kumuuliza mtu anayeimba ana kilo ngapi. Nikaripoti kwa wasimamizi, nikaletewa ule ujumbe wa mashine kwamba malalamiko yamepokelewa, mpaka leo kimya. Pesa ya kila mwezi hawachelewi kuikata lakini.

Hapo nilishaamua nyota moja na matusi juu. Kilichoniuma zaidi ni askari. Aliinuka, akamshukuru yule wa farasi, akaondoka! Nikamwuliza kulikoni, akasema, "kaka usikasirike, nimelala pale dakika arobaini, nilikuwa natafuta tu pa kutokea."

Nilikaa na hilo neno siku mbili tatu. Nikarudi kusoma maongezi yote. Aya yangu ya tatu ina mistari kumi na saba. Yeye kabla ya hapo kaandika "anapumua kwa taabu", halafu tena "anapumua kwa taabu", tena, mara nne zimefuatana, na mimi nilikuwa nasifia kisu.

Sawa. Lakini bado angeuliza! Mtu unaingiaje na farasi kwenye chumba cha watu?

Basi tuseme gemu ni zuri, seva ya kuigiza ni nzuri, wasimamizi sifuri. Kama unapenda uganga njoo, watu wenye majeraha mazuri wapo, ila uliza mapema mgonjwa wako ana muda gani, mimi sikuuliza. Nyota tatu. Nikikumbuka lile swali la leveli zinarudi mbili.

Halafu yule mjamzito kaniandikia jana. Anataka kujua kama mtoto tumboni naye kaguswa na ule mkono, na kama kaguswa, atazaliwaje. Nimeshamwandalia kitanda, na mlango safari hii nimeandika umefungwa kwa komeo.