Televisheni ilikufa, nikaonyeshwa risiti

Bado nina hasira na lile duka la televisheni la Luthuli Avenue, Nairobi, na wala hasira yangu si ya televisheni. Vyombo vya umeme huharibika. Hii yangu ilijaribiwa mbele ya macho yangu ikawaka vizuri, na mwezi haukuisha ikapiga mstari mweusi, kisha picha ikatoweka ikabaki sauti. Nikairudisha ndani ya boksi lake, na risiti, na kadi ya waranti.

Kijana wa kaunta sikumjua wala hakunijua. Nilimsalimia, hakuitikia. Boksi hakuligusa. "Mathe, hiyo ni stima ya kwenu imeiua." Ameijuaje stima ya kwetu? Friji iko kwenye nyaya hizo hizo, redio pia, na zote ni nzima. Nilipomwambia hivyo alichukua risiti akaweka kidole chini kabisa, kwenye yale maandishi madogo kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. "Soma hapo." Watu wamejaa dukani, na mimi ni wa kumzaa yule mtoto!

Nilisoma. Kisha nikamwambia kwamba maandishi yale si kitu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, na fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 nayo inasema haki zake hazifutwi na mapatano yoyote ya kinyume, sembuse mstari wa risiti. Akahamia kwenye waranti: ni ya mwaka mmoja, ila skrini haimo. Siku ya kuniuzia, mwaka mmoja ulitajwa kwa sauti kubwa. La skrini halikutajwa na mtu. Kifungu hicho hicho cha 46 kinasema mnunuzi apewe habari anazohitaji, na televisheni isiyo na skrini ni ya kazi gani?

Sasa lazima niseme kweli kuhusu fundi wao. Alishuka ngazi, akaniamkia, akaichomeka ile seti na kuisikiliza. Akasema mbele ya wote kwamba stima ikizidi kwa kawaida huunguza upande wa pawa, na seti haiwaki kabisa. Hii inatoa sauti, basi ugonjwa ni wa skrini yenyewe. Nikaongeza kwamba Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na si lazima uwe na wakili. Simu ikapigwa kwa mwenye duka, nikaletewa seti nyingine.

Kwa hiyo walinibadilishia, na nilikuwa tayari kuandika kwamba duka si baya. Hii ya pili inafanya kazi, picha yake ni safi. Lakini nikiinua boksi kijana akasema, "Tumekusaidia tu, mathe, usizoee." Kunisaidia! Pesa nililipa zote, na kile walichonipa ni changu kisheria. Pole sikupewa.

Bei zao ni nzuri, sikatai, na fundi yule ni mtu wa kutegemewa. Ukilazimika kununua pale, dai uandikiwe kwenye kadi kama skrini imo kwenye waranti, kabla hujatoa shilingi. Mimi sirudi, angalau mpaka kaunta ile apewe mtu anayejua kuitikia salamu.