Kozi ya tiba ya testosteroni na homoni: uzoefu wangu nikiwa tabibu Malindi

Matabibu wenzangu wa Kilifi na Lamu wamekuwa wakiniuliza kama kozi ya mtandaoni niliyosoma, ile ya chuo binafsi cha Uingereza, inastahili kulipiwa. Nasema inastahili, ingawa tangazo lake halikutaja kilichonifaa zaidi. Tangazo linaahidi kukufundisha kuandikia watu testosteroni, homoni ya kiume. Kilichonifaa ni kujua nani asipewe.

Mnawajua wagonjwa wetu. Mwanamume anakuja kliniki, anangoja mpaka mlango ufungwe, ndipo anasema, "Daktari, nguvu zimeniisha, nidunge sindano." Keshapita kwa wauza miti shamba na duka la dawa. Kozi inakulazimisha kusimama hapo kwanza: kipimo cha asubuhi kabla hajala, kisha ukirudie siku nyingine. Mwongozo wa Endocrine Society, chama cha wataalamu wa homoni, wa 2018 unataja nanogramu 264 kwa desilita kuwa mpaka wa chini wa kawaida. Chama cha madaktari wa mkojo cha Marekani kinatumia 300. Maabara ikikuletea majibu kwa nanomoli kwa lita, zidisha kwa 28.8 ndipo ulinganishe.

Mwalimu alieleza vizuri sana kwamba homoni hii hupanda pamoja na usingizi. Huku kwetu jambo hilo ni kubwa. Mvuvi aliyekesha baharini au mlinzi wa hoteli aliyetoka zamu, ukimtoa damu saa mbili asubuhi kabla hajalala utapata namba ya chini na kumpa ugonjwa asio nao. Siku hizi kabla ya kujaza fomu ya maabara nauliza kwanza mtu amelala saa ngapi na ameamka saa ngapi.

Somo la afyuni peke yake lingetosha kunirudishia pesa zangu. Heroini, na methadoni wanayopewa wanaoiacha, huzuia ubongo kutuma ishara kwenye tezi ya pituitari iliyo chini yake, LH na FSH, homoni za tezi hiyo zinazoamsha korodani, zinashuka, na korodani zinaacha kufanya kazi yake. Malindi tuna kliniki ya methadoni tangu 2015. Kijana ameacha unga, amerudi nyumbani, anajitahidi, lakini amechoka, hana hamu, na mkewe anashuku ana mwanamke nje. Kwa miaka tuliwaambia ni mawazo tu. Sasa najua nipime nini: testosteroni ikiwa chini na LH haikupanda, tatizo liko juu, kichwani, LH ikiwa juu, korodani zenyewe zimeumia, kama kwa aliyeugua matubwitubwi yakashuka huko. Na methadoni haikatizwi kwa sababu hii. Mwalimu alisisitiza hilo na nampongeza.

Vilevile walirudia mpaka tukachoka kwamba testosteroni ya kudungwa huangusha mbegu za kiume, wakati mwingine zisionekane kabisa. Vijana wanaojidunga jimu hawaambiwi. Kwetu bwana harusi akifika mwaka wa kwanza bila mtoto maneno yanaanza, na mara nyingi anayepelekwa kupimwa ni mke. Jamani, muulizeni mume anadungwa nini.

Kuhusu moyo, tulichambua utafiti wa testosteroni uitwao TRAVERSE wa 2023, wanaume zaidi ya 5,200 waliokuwa na ugonjwa wa moyo au hatari ya kuupata. Mshtuko wa moyo na kiharusi havikuzidi vya waliopewa dawa bandia ya kulinganishia, lakini mapigo kwenda mrama na damu kuganda mapafuni vilionekana zaidi. Kwa hiyo unafuatilia hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo seli nyekundu, na ikipita asilimia 54 unasimamisha dawa. Testosteroni ya jeli nayo ina kisa chake: wazee wa Kiitaliano wa huku huja nayo kutoka kwao, na mtoto akigusa ngozi iliyopakwa humwingia. Siku hizi namwonya kila anayeitumia, na wanaomfulia pia.

Sasa malalamiko. Vipindi kadhaa vilihusu biashara ya kliniki: bei za vifurushi, namna ya kujitangaza, jinsi ya kumfanya mteja arudi kila mwezi. Sikupenda hata kidogo. Mtu mwenye kisukari na kitambi testosteroni yake inaweza kupanda akipunguza uzito, na ukishaanza kumhesabia sindano za mwezi hutamwambia hivyo.

Somo la wanawake lilikuwa fupi mno. Walieleza kwamba utafiti wa WHI wa 2002 kuhusu homoni kwa wanawake waliokoma hedhi, ulioogofya dunia, ulikuwa na wanawake wenye wastani wa miaka 63, tofauti na mama wa miaka 50 anayetokwa jasho usiku. Walisema mwenye kizazi asipewe estrojeni, homoni ya kike, bila mwenzake projesteroni, na kwamba kiraka cha ngozi kina hatari ndogo ya kugandisha damu kuliko kidonge. Wakaishia hapo. Mama zetu wanaambiwa "ni umri, vumilia", na mimi nilitaka nijue cha kuwafanyia.

Ada inauma, karibu mshahara wa mwezi. Vipindi ni vya usiku lakini vinarekodiwa, kwa hiyo stima ikipotea hukosi kitu. Cheti hakikupi leseni mpya. Uliza baraza lako kama linakihesabia pointi kabla hujalipa.

Naipa nyota nne. Ya tano nitaitoa somo la wanawake likiongezwa, na nimeshawaandikia kuwaomba.