Zipu iliyoniacha kifua wazi Kitulo

Nianze na zipu, maana ndiyo iliyonifanya niandike. Jaketi la manyoya ya bata nililolinunua duka moja la Kariakoo, laki mbili na ushee, liliniharibikia usiku wa kwanza wa baridi ya kweli. Tuko juu Kitulo, ile hifadhi ya nyanda za juu kusini mwa Tanzania, mwezi wa saba hivi, jua limeshazama, hema limesimama. Navuta zipu inapanda, lakini meno nyuma yake yanaachana. Narudisha, navuta tena, yanaachana tena. Mwenzangu akashika pindo la chini, nikavuta polepole huku vidole vimekufa ganzi. Wapi!

Watu wa Dar wakisikia Kitulo wanawaza maua tu, Bustani ya Mungu. Maua yana msimu wake, wa mvua. Juni na Julai kule umande unaganda kwenye majani. Na sisi tulipanda kwa baiskeli kutoka Chimala, zile kona 57 mpaka Matamba na kuendelea, fulana imelowa jasho chapachapa. Ukiwa unakanyaga pedali huhisi kitu. Ukisimama tu, jasho lile lile linakugeuka, tena uko juu ya mita 2,600. Jaketi linabebwa safari nzima kwa ajili ya saa hiyo moja.

Kilichoniokoa ni sweta la sufu, mtumba wa soko la Mwanjelwa, Mbeya. Sufu hata ikipata unyevu bado inatunza joto. Fulana ya pamba ikilowa ivue haraka, usilale nayo. Nikavaa sweta, jaketi likiwa wazi juu yake, mzula kichwani, nikajikunja mpaka asubuhi.

Mtandao uliposhika nikampigia muuzaji. Sikupandisha sauti. "Kaka, zipu imeharibika, mnanisaidiaje?" Akanijibu: "Sasa dada, nani alikutuma upande milima na baiskeli? Si ungepanda basi." Akakata simu. Mtu amejaza picha za Kilimanjaro dukani, anauza nguo za baridi, halafu mteja akienda kwenye baridi inakuwa kosa! Mpaka leo nikiikumbuka sauti yake damu inachemka.

Makete nikampata fundi cherehani, mzee mpole. Akaligeuza jaketi mara moja. "Mwanangu, meno mazima haya. Kichwa cha zipu ndicho kimetanuka." Akakibana kwa plaizi huku na huku, zipu ikafunga. Elfu moja. Maneno hayo kwenye simu yangechukua dakika ngapi?

Nilikuwa nimeamua kulipatia jaketi hili nyota moja. Lakini haki itendeke: usiku uliofuata, likiwa limefungwa mpaka kidevuni, lilinipa joto ambalo sijawahi kulipata kwenye koti jepesi namna ile, na kwenye begi la baiskeli linakunjika kuwa dogo kabisa. Mvua tu usilipeleke, manyoya yakilowa yanagandamana na joto linakwisha. Basi tatu. Hapana, mbili, maana zipu inayotanuka kabla jaketi halijazeeka ni zipu mbovu, na fundi mwenyewe alisema itarudia.

Jaketi nitaendelea kulivaa. Duka lile sikanyagi tena. Ukienda kununua kwingine, livae juu ya sweta nene, chuchumaa, ufunge na kufungua zipu mara nyingi mbele ya muuzaji. Akinuna, toka.