Muziki wa nyumbani: kipya kwa awamu au mtumba kwa taslimu?
Redio mpya ya shilingi 600,000 taslimu, ikichukuliwa kwa awamu za shilingi 65,000 kwa miezi 12, itamgharimu mnunuzi shilingi 780,000, na zile 180,000 za ziada hazimwongezei besi hata kidogo. Amplifaya na spika za mtumba, zinazonunuliwa kwa akiba iliyodundulizwa, hazina waranti, lakini hukaguliwa papo hapo: ondoa kitambaa cha mbele, kisha gusa taratibu ukingo wa sponji unaoshikilia koni (ile sehemu ya spika inayotetemeka kutoa sauti), kwani sponji hiyo huoza kwa umri hata spika isipotumika. Ukingo hubadilishwa na fundi. Koili iliyoungua, yaani ule waya uliozungushwa unaosukuma koni, ni habari nyingine. Kwa maoni yangu, awamu zinafaa pale tu muuzaji asipozidisha bei ya taslimu.