Bia ya boga iliyolala kwenye pipa la bourbon: tuliionjea Lubumbashi

Ukiinunua bia hii kwa kutafuta ladha ya boga, utabaki na maswali. Boga limo kweli, lebo inasema hivyo, lakini kinachosikika kwenye glasi ni pipa la bourbon, wiski ya Marekani. Na mimi nimeipenda kwa ajili ya pipa hilo.

Shemeji ndiye aliyeileta kutoka Marekani. Ni chupa kubwa yenye asilimia 11 za alkoholi, yaani kama mara mbili ya bia yetu ya Simba, kwa hiyo moja inatosha watu wanne. Tuliifungulia uani, Kamalondo. Rangi yake ni kahawia inayoelekea wekundu, si mbali na bia ya Tembo. Povu lilikuwa dogo na halikudumu.

Nusu ya kwanza tuliinywa imetoka moja kwa moja kwenye friji. Mdalasini ulitangulia, karafuu ikafuata kwa nguvu, kisha alkoholi ikachoma koo. Yaya, ndugu yangu mkubwa, akasema, "Hii haiko bia, iko dawa ya kikohozi." Nusu iliyobaki tuliiacha mezani kama nusu saa. Hapo ikageuka kabisa: vanila, sukari iliyoungua, harufu ya nazi kwa mbali, na ukavu wa mbao unaobaki ulimini baada ya kumeza. Karafuu ikarudi nyuma. Yaya akasogeza glasi yake aongezewe, bila neno.

Sababu iko kwenye pipa. Sheria ya Marekani inataka bourbon ikae kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyounguzwa ndani, kwa hiyo pipa likishatumika mara moja huuzwa, na watengenezaji wa bia ni wateja wakubwa. Mbao zake zimenyonya pombe. Bia ikilala humo kwa miezi, inachota pombe hiyo pamoja na vanila ya mwaloni wenyewe. Ubaridi mkali hufunga harufu hizo zote, ndiyo maana usiinywe kama unavyokunywa Simba baridi.

Boga lenyewe linaenda wapi? Wanga wake hugeuka sukari pamoja na ule wa shayiri, jinsi mizizi ya munkoyo inavyoufanyia uji wa mahindi, halafu hamira hula sehemu kubwa ya sukari hiyo. Walowezi wa zamani kule Marekani walitumia boga kwa kuwa shayiri ilikuwa shida kupatikana. Miaka ya 1980 Buffalo Bill's, kiwanda kidogo cha Hayward, California, kikaifufua bia hiyo, na viungo vyake leo ni vilevile wanavyotia kwenye pai ya boga.

Kwao ni bia ya Septemba na Oktoba, baridi ikianza. Kwetu Oktoba ni joto la kungojea mvua, wala hutaifurahia. Ukiipata, iweke mahali pa giza mpaka Juni au Julai, usiku unapotaka koti. Viungo vitapungua makali, na kwangu hiyo ni faida.

Usiinywe na michopo (nyama ya kuchoma) yenye pilipili, moto utakuwa mwingi mno kinywani. Karanga za kukaanga zinafaa, na ndizi mbivu ya kukaanga inafaa zaidi.

Naipa 8 kwa 10. Zile 2 nimezipunguza kwa sababu ya karafuu.